Uzi wa nyuzi: tunataka kuvisha avenyu yetu huku Katuba, mtushauri

#1 Binti_Cherehani (Lubumbashi), 3 Mei

Yambo yenu wote.

Mimi ni fundi wa nguo huku Katuba. Mama alipofariki mwaka jana aliniachia cherehani yake nyeusi ya kukanyaga, madeni mawili ya wateja ambayo sitayaona mpaka kiyama, na magunia matatu ya vipande vya vitenge. Hakuwa mtu wa kutupa kipande. Alikuwa anaingiza mkono gunia bila kuangalia, anatoa kimoja, anakuambia: hiki kilibaki kwenye libaya, yaani blauzi, ya bibi arusi wa parseli (kiwanja chenye nyumba) ya pili, hiki cha yule mama aliyerudi kupunguza nguo baada ya kuugua, hiki ni cha 8 Machi, siku ya wanawake, ya mwaka ule mvua iliharibu defile, maandamano yetu. Miaka zaidi ya thelathini ya mtaa imelala mle ndani, na panya wameanza kuisoma kabla yetu.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinionyesha kwenye simu mji mdogo wa pwani huko Uingereza, Saltburn-by-the-Sea. Mwaka 2012, mwaka wa Olimpiki ya London, watu waliamka wakakuta ukingo wa gati lao umepangwa wanamichezo wadogo wadogo waliofumwa kwa sufu, kila mmoja na mchezo wake. Aliyewaweka hakuonekana. Nilicheka sana, halafu usiku nikakosa usingizi.

Nimeliongea na bamama wa likelemba yetu, upatu wa kuchangiana pesa. Tunataka siku moja ya mwezi wa saba avenyu nzima ivae: malango, kuta, miti, hata ule mkokoteni wa maji uliovunjika gurudumu ambao hakuna anayeuhamisha. Parseli ni 38. Kumi na nne zimekubali, tatu zimenicheka, nyingine zinasubiri kuona.

Shida zangu ni hizi. Vitambaa tuvishike na nini visichukuliwe na upepo? Ruhusa inaombwa kwa nani? Wezi je? Na zaidi ya yote: tufanyeje watu wasidhani kuna kilio, yaani matanga?

#2 Kazi_ya_Mikono, 3 Mei

Magunia matatu ya vitenge, nje, usiku, Katuba. Mama ubarikiwe. Nitumie jina la avenyu, nakuja na mkokoteni wangu, gurudumu zote nzima.

#3 Binti_Cherehani, 3 Mei

@Kazi_ya_Mikono njoo. Utapewa sindano.

#4 Mzee_wa_Kambi (Lubumbashi), 4 Mei

Mutoto wangu, yambo. Batu banasema ile krosheti ni kintu ya bazungu ya leo. Apana. Miye nilizaliwa mu kambi ya Union Minière, ile kampuni ya mugodi, mwaka 1949. Bamama betu balikuwa banaenda ku foyer social, banabafundisha kushona, kufuma, kupika, kulea batoto. Bwana wa kambi alipenda bibi akae pale na mikono yake ikuwe na kazi, njo mume asikimbie mugodi. Ile ilikuwa akili yao. Lakini bamama balichukua sindano, balifanya mambo yabo.

Ukaingia mu nyumba yetu: kiti iko na kitambaa, meza iko na kitambaa, radio iko na kitambaa, juu ya kile kitambaa kuko kingine kidogo ya kulinda kile ya chini. Televizyo ilipofika, ilivaa mbele ya sisi batoto. Sasa unaniambia kuko batu kule mbali banavika nguzo krosheti na banaita ni sanaa? Mama yangu angeomba alipwe.

Nguzo ya umeme usiiguse. Nitarudi kuandika juu ya ile.

#5 Mjukuu_wa_Pwani (Mombasa), 4 Mei

Pole kwa msiba wa mama, dada yangu.

Huku kwetu leso haitundikwi hovyo maana inasema. Kila leso ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini, na mtu akiianika upande wa jirani yake, jirani anajua ameambiwa. Nimeona ugomvi wa miezi sita ulioanzia kwenye kamba ya kuanikia. Kwa hiyo swali langu kabla ya misumari na kamba: vitenge vyenu navyo vina majina? Maana kama vina majina, mpangilio wa avenyu yako ni barua, na lazima uisome kabla hujaituma.

#6 Binti_Cherehani, 4 Mei

Ahsante sana. Hilo sikuwa nimelifikiria, na wewe wa mbali ndiye umelitia kidole.

Vyetu havina maandishi kama leso lakini majina vinayo, wauzaji na wanawake wenyewe ndio wanaovibatiza. Kuna ule wa «mume wangu ana uwezo», kuna ule wa «ukitoka nami natoka». Sasa fikiria huo wa pili niutundike kwenye lango la mtu ninayemjua, mumewe analala nje siku tatu kwa juma. Kesho yake mimi sina mteja hata mmoja.

Kwa hiyo sheria ya kwanza imezaliwa hapa: kila parseli inachagua vipande vyake yenyewe. Mimi sipangii mtu.

#7 Chukudu_Moja (Goma), 5 Mei

Vitenge sisi huku tunaviita bikwembe. Ningekuwa na hela ya kusafiri ningekuja kuona tu. Kuta zetu ni mawe meusi ya volkano, kila rangi ukiiweka pale inapiga kelele. Wazo la kushika: kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe kamba. Unavutika, haukati kitambaa, haukwaruzi mti, na kinyozi wa baiskeli anakupa bure ile iliyochoka. Mizigo ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, tunaifunga hivyo na inashuka mlima.

#8 Chukudu_Moja, 5 Mei

Nimeandika kinyozi wa baiskeli. Nilimaanisha fundi. Acha ibaki.

#9 Ukweli_Mchungu, 5 Mei

Nitasema ambacho wengine wanaogopa kusema. Avenyu hiyo naijua. Maji yanatoka saa nane za usiku kama yanatoka. Vumbi jekundu mpaka kwenye sahani ya bukari (ugali). Watoto wanakaa nyumbani kwa sababu ya minervali, karo ya shule. Na nyinyi mnakaa kuvisha ukuta nguo? Kuna watu hapo hawana nguo ya kuvaa wenyewe. Hizo ni tamaa za watu walioshiba, mnaona Wazungu wanafanya, mnaiga.

#10 Kazi_ya_Mikono, 5 Mei

Huyu hakukosea yote.

#11 Raffia_na_Uzi (Lubumbashi, mwana wa Kasai), 6 Mei

Ndugu yangu @Ukweli_Mchungu, kuhusu maji sina la kukujibu, uko sawa. Kuhusu kuiga nakataa.

Wakuba, kabila la kwetu Kasai, wanatengeneza nguo za raffia (nyuzi za majani ya mnazi-mwitu) tangu kabla hapajakuwa na mji unaoitwa Lubumbashi, na mji huu ulianzishwa 1910. Wanaume wanafuma, wanawake wanadarizi. Kuna ile inayoguswa kama mahameli: uzi wa raffia unapitishwa chini ya mfumo, unakatwa kwa kisu kidogo, unabaki umesimama kama nywele fupi. Sketi ya sherehe inaweza kuwa na urefu wa mita kadhaa na kupitia mikono mingi ya ukoo mmoja. Viraka vilivyoshonwa juu yake, watu wengi wanaeleza kwamba vilianza kwa kuziba matundu ya raffia iliyopasuka wakati wa kutwangwa ilainike. Halafu kiraka kikapendwa kuliko nguo. Henri Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa, alikuwa na vitambaa vya Kuba ukutani kwake akiviangalia. Nani alimwiga nani?

Magunia ya mama wa Binti_Cherehani ni viraka vinavyotafuta tundu. Mimi niko upande wake.

#12 Ukweli_Mchungu, 6 Mei

Umenena vizuri lakini Mkuba alivaa ile nguo, alizikwa nayo. Hakuivika nguzo.

#13 Mwalimu_wa_Rangi, 6 Mei

Naomba niingie, haya mambo ni kazi yangu kidogo.

Huu mtindo wa kufuma na kuvisha vitu vya barabarani watu wengi wanauanzishia kwa Magda Sayeg wa Houston, Marekani, mwaka 2005. Alikuwa na duka. Akafuma kipande cha waridi na buluu, akakivika kishikio cha mlango wa duka lake mwenyewe. Ndiyo yote. Wapita njia wakasimama, wakagusa, wakauliza. Ndipo akaenda kwenye nguzo ya alama ya barabarani. Tangu 2011 kuna hata siku yake ya kimataifa, 11 Juni. Mpolandi mmoja aliyekuwa New York, Agata Oleksiak, mwezi wa Desemba 2010 alimvisha krosheti mwili mzima yule fahali wa shaba nyeusi wa mtaa wa mabenki. Hawakuchelewa kumvua.

Lakini mfano wa kukufaa wewe mama sio hao. Ni Ibrahim Mahama wa Ghana. Anachukua magunia ya juti yaliyobeba kakao, yakachakaa yakabeba makaa, yana majina na alama za waliokuwa nayo, anayaunganisha mpaka yanafunika jengo. Mwaka 2015 alifunika njia ndefu ya wazi kule Venice. Mwaka 2024 alifunika sehemu ya jumba la Barbican, London, kwa kitambaa cha waridi na zambarau kilichoshonwa kwa mikono mjini Tamale na watu wengi, na juu yake wakashona mavazi ya zamani waliyokusanya kwa wenyewe. Wengine, nasikia, walisita sana kuyatoa. Ona basi, shida ya huko ni ile ile ya gunia la mama yako: nguo haiachi kuwa ya mtu.

Na sisi Lubumbashi si wageni wa sanaa. Hapa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya uchoraji 1946, ndimo alimotoka Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na hapa tangu 2008 kuna biennale ya Picha, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Shida ni kwamba vitu hivyo vinafika Katuba vimechoka.

Maonyo mawili. Usitumie sufu ya dukani ya akriliki kwenye miti. Ni plastiki, haiozi, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikija inashika maji kwenye gome na vipande vyake vinaanguka mfereji. Na usipige msumari kwenye jacaranda.

#14 Mzee_wa_Kambi, 7 Mei

Nilisema nitarudi. Nguzo ya umeme: mu avenyu zetu kuko nyuzi zinashuka chini, kila mutu alijivutia yake mu nyumba. Kitambaa kikinyeshewa, kile ni njia ya umeme. Mwezi wa saba hakuna mvua, lakini mutoto atapanda kuvuta kitambaa, njo atagusa. Muache nguzo ibakie uchi.

#15 Binti_Cherehani, 7 Mei

Papa, nguzo zitabaki uchi. Nimewaambia vijana.

@Ukweli_Mchungu nataka nikujibu vizuri, si kwa hasira. Jana nilipiga hesabu na bamama. Hatununui kitu. Vitambaa ni mabaki, uzi ninao, kamba ni mipira ya baiskeli, bango la nyuma ni mifuko ya makala (makaa) iliyokwisha kazi. Nguo nzima hazitundikwi. Mtu akileta nguo inayovalika tunaiweka pembeni, inaenda kwa anayeihitaji, siku ile ile, bila kupigiwa picha. Hiyo nimeichukua kwako.

Lakini la kusema kwamba mwenye shida hana haki ya ukuta mzuri, hilo sikubali. Mama yangu alishona kwa kibatari miaka ya umeme wa kukatika na alikuwa bado anapanga maua ya kitenge yakutane kwenye mshono wa mgongo. Hakuna mteja anayeona mgongo wake.

#16 Ukweli_Mchungu, 7 Mei

Ile ya maua kukutana mgongoni, mama yangu alikuwa anaikagua kabla ya kulipa.

#17 Mtoto_wa_Ziwa (Kalemie), 9 Mei

Nawasoma kimya kimya. Babu yangu alilimishwa pamba kwa lazima, ile sheria ya Wabelgiji iliyoanza 1917: ekari yako inapimwa, usipolima unafungwa au unachapwa. Baadaye huku Kalemie kukawa na kiwanda cha nguo, Filtisaf, baba akafanya kazi humo. Babu analima pamba asiyoivaa, baba anafuma kitambaa, mimi leo navaa kitenge cha China. Waxi, kitenge kile cha bei kali wanachosifia, ni ya Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, ya tangu 1846, na ufundi wenyewe waliuiga kwa Wajava. Kwa hiyo mtu akiniuliza kitenge ni cha kwetu au sio cha kwetu, mimi namuuliza jasho ni la nani.

Nikituma kipande kimoja kwa gari la mizigo mtakipokea? Ni mfuko wa ovaroli ya baba.

#18 Binti_Cherehani, 9 Mei

Tutakipokea kama mgeni.

#19 Raffia_na_Uzi, 9 Mei

Ya kilio haijajibiwa. Mnajua mambo yetu: ukishafunga barabara, ukatandika bashi (turubai) na kupanga viti vya plastiki, watu watafika wamejifunga kitenge kiunoni na uso wa huzuni, wataweka pesa kwenye sahani na kuuliza maiti yuko wapi. Dawa ni mbili. Msiweke bashi. Na muziki uanze saa mbili asubuhi.

#20 Kazi_ya_Mikono, 9 Mei

Muziki ukianza saa mbili watadhani ni ndoa, watauliza chakula kiko wapi. Bora kilio.

#21 Binti_Cherehani, 28 Mei

Habari za ruhusa. Shefu wa kata alielewa haraka, mkewe ni mteja. Ofisi nyingine, sitaitaja, kijana mmoja alifungua droo, akatafuta, akaniambia hakuna karatasi ya «vitambaa», kuna ya «matangazo ya biashara», na matangazo yanalipiwa kwa mita. Akaniuliza mita ngapi. Nikamwambia ni vipande, vingine ukubwa wa kiganja. Akasema basi tutajumlisha viganja.

#22 Msimamizi, 28 Mei

Tafadhali hakuna kutaja ofisi wala mtu. Endeleeni. (Hiyo ya viganja nimeisoma mara tatu.)

#23 Mwalimu_wa_Rangi, 29 Mei

Usilipe tangazo. Kila kipande kikikaa kwenye ukuta wa mwenye parseli, ni kama nguo iliyoanikwa. Nani anatoza nguo iliyoanikwa? Usifunge barabara, usitundike kamba kuvuka juu ya njia. Omba salongo tu: siku ya usafi wa avenyu, wakazi wote nje na mafagio. Mkimaliza kufagia, mnaanika.

#24 Binti_Cherehani, 29 Mei

Kuanika! Mwalimu, umetuokoa. Ndivyo tutakavyoiita, kuanika.

#25 Binti_Cherehani, 20 Julai

Samahani kwa ukimya. Ilifanyika Jumamosi iliyopita. Nitaandika kama nilivyoona, mtavumilia urefu.

Wiki sita tulishona kwenye veranda yangu, Jumanne na Alhamisi. Kipimo kilikuwa mraba wa mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na kwa sababu mikono haifanani, miraba haikufanana, tukazima ugomvi kwa kuziba mapengo na mikanda. Nyuma ya kila bango tulishonea mfuko wa makala uliofuliwa. Ule mfuko mweupe ndio unaobeba nguvu, kitenge kinabeba uso tu. Tulikata mianya midogo ya nusu duara ili upepo upite, maana upepo wa mwezi wa saba huku hauna adabu. Kila kipande kina kitambulisho: utepe mweupe wenye jina la mwenyewe na namba, na namba hiyo iko kwenye daftari la shule. Kitambaa kina mwenyewe. Hilo ndilo lililowatoa hata wale watatu walionicheka. Mtu hakuwa anatoa kitambaa kwa mtaa, alikuwa anakiazima mpaka jioni.

Asubuhi ilikuwa baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Salongo saa moja. Saa tatu vumbi limetulia kwa maji ya mabeseni, saa nne tukaanika.

Niliyoyapenda. Parseli ya mzee mmoja anayeishi peke yake: hakuwa na kitenge, akaleta tai zake saba za enzi za kazi, na abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Wale wadogo humu hamjui: miaka ya Zaire tai ilikuwa mwiko, mwanaume akavaa abakosti, mpaka 1990 tai iliporudi. Akapanga tai zote zimeizunguka abakosti kama mionzi. Watoto wakauliza ni jua? Akasema ni tiketi ya kazi.

Ule mkokoteni uliovunjika ulifunikwa na vitambaa vya krosheti vya salon vya nyumba tisa, vyeupe, kimoja kimeshonewa jina la klabu ya mpira. Ukakaa kama bibi arusi. Wanawake walipita wakivigusa wakitaja nani alifuma, «huu mkono ni wa mama fulani, alikuwa anaruka tundu la tatu». Mzee_wa_Kambi alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya mkokoteni dakika nyingi. Nilimpa kiti. Kiti kilikuwa na kitambaa.

Mfuko wa ovaroli kutoka Kalemie ulifika Ijumaa, ndani ya bahasha, na dagaa. Tuliushona katikati ya bango la lango langu.

Sasa yaliyoharibika. Familia moja ilianika kitenge cha kampeni chenye uso wa mwanasiasa. Jirani akaingia ndani akatoka na chake, uso mwingine. Ndani ya robo saa avenyu ilikuwa na nyuso tano zinaangaliana na watu wameanza kuinua sauti. Mama mmoja wa likelemba, mfupi, sauti ya chini, akapita akigeuza kila kimoja, uso ukaangalia ukuta. «Kwa nyuma nacho ni kizuri,» ndivyo alivyosema, basi. Hakuna aliyegeuza tena.

Mbuzi amekula mraba namba 17. Mwenye mbuzi na mwenye mraba ni mtu mmoja, kwa hiyo kesi imefungwa.

Saa tisa upepo ukaamka. Bango lililokuwa halina mianya (la vijana, walisema mianya inaharibu mchoro) liliondoka na kipande cha uzio. Yenye mianya yalibaki.

Na kijana wa ile ofisi alifika, saa nane, na futi ya kupimia kweli. Akazunguka. Akasimama kwenye ukuta wa parseli ya ishirini, akauliza: hiki kitenge cha kijani mmekitoa wapi, mama yangu alikuwa nacho. Futi haikufunguliwa.

#26 Kazi_ya_Mikono, 20 Julai

Nilikuwepo. Nilipewa sindano. Nina kidole kimoja kimevimba na sitasema ni mraba gani nilioshona, lakini ni ule unaoangalia upande.

#27 Ukweli_Mchungu, 21 Julai

Nguo za kuvaa zilifika kwa watu?

#28 Binti_Cherehani, 21 Julai

Makapo mawili, na sweta za watoto zilikwisha kwanza, kwa baridi hii. Mama mmoja alirudisha gauni, akasema linamtosha mwingine vizuri zaidi. Swali la maji bado liko pale pale. Siku ile tulinunua madumu 20 kwa ajili ya vumbi tu.

#29 Ukweli_Mchungu, 21 Julai

Sawa. Mwakani mnijulishe mapema. Mimi nina suruali za marehemu kaka.

#30 Mjukuu_wa_Pwani, 22 Julai

Vyote vilirudi kwa wenyewe?

#31 Binti_Cherehani, 22 Julai

Daftari lina vipande 164. Vilirudi 161. Kimoja ni cha mbuzi. Viwili vimechukuliwa, na mmoja wa wenyewe anasema anajua ni nani, amemwona mtoto wake amefungwa nacho mgongoni, na hatamwambia kitu.

Halafu kuna kimoja kimezidi. Hakina utepe, hakina namba. Tulikikuta jioni kwenye lango la parseli tupu, ile ya pembeni ambayo wenyewe walihama. Sikukishona mimi, wala hakimo kwenye magunia ya mama, mkono wake naujua. Kimeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono midogo sana, ya mtu asiye na haraka. Nimeuliza nyumba zote. Kiko kwenye meza yangu, kimeshika vumbi, kesho nilitaka kukifua.

#32 Raffia_na_Uzi, 22 Julai

Kina maua gani?

#33 Binti_Cherehani, 22 Julai

Ni ndege. Mbayuwayu wa buluu, wanne. Mmoja hana kichwa, kimeingia kwenye pindo.

#34 mgeni_2207 (Kolwezi), 23 Julai

Habari za asubuhi mama. Nimejiunga leo ili niandike hapa. Tafadhali usikifue. Nakuja Jumamosi.